Tozo ya Reli na Kibarua cha Pwani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nje ya lango la yadi moja ya makontena huko Miritini, Mombasa, vijana wapatao thelathini hukaa juu ya matairi mabovu na vipande vya mbao wakimsubiri nyapara. Akitoka hana haja ya kusema mengi. Hunyoosha kidole: wewe, na wewe, na wewe pale mwenye fulana nyekundu, aliyechaguliwa huinuka, akajipangusa suruali na kuingia. Wakongwe wa lango hilo husimulia kwamba zamani kidole kilizunguka mpaka mwenyewe akachoka kukinyoosha, na kuna siku walioitwa hawakutosha, ikabidi mtu atumwe mtaani kuwaamsha waliolala. Asubuhi niliyokuwapo mimi walichukuliwa tisa. Waliobaki walisogea kwa mama wa mahamri na mbaazi aliye ng'ambo ya barabara, ambaye ana daftari la madeni nene kuliko la mwenye duka.

Nimeanzia langoni kwa sababu mjadala wetu wa ajira za vijana hupenda kuanzia Nairobi, kwenye hotuba ya bajeti, na ukishaanzia huko huwa umekwisha kukubali bila kujua kwamba nchi ni soko moja la kazi, na kwamba kazi ikipotea Changamwe huku Mombasa na nyingine ikazaliwa Embakasi kule Nairobi basi hesabu imelingana. Kwenye vitabu vya Hazina ya Kitaifa imelingana kweli. Kwa kijana wa Jomvu ambaye nauli ya kwenda Nairobi ni ujira wa siku kadhaa, na ambaye akifika huko hana mjomba wala chumba, haijalingana hata kidogo. Ninachotaka kuonyesha ni jinsi uamuzi wa kikodi na kimkopo wa kujenga reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, uliopitishwa kwa jina la taifa zima, ulivyohamisha kazi kutoka eneo moja hadi jingine bila mtu yeyote serikalini kutakiwa kisheria kuihesabu kazi iliyohama.

Yafaa kwanza tukumbuke bandari humlipaje mwenyeji wake. Kifungu cha 209 cha Katiba ya mwaka 2010 kimeipa serikali kuu peke yake uwezo wa kutoza ushuru wa forodha, kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa. Kaunti zimeachiwa kodi za ardhi na majengo, kodi za burudani, na ada za huduma zinazotoa. Kwa hiyo kontena la mzigo unaobaki nchini likishuka bandari ya Kilindini, Mombasa, ushuru wake wote hupanda moja kwa moja hadi kwenye mfuko wa taifa. Kaunti ya Mombasa hupata mgao wake kama kaunti nyingine zote 46, kwa fomula inayoangalia idadi ya watu, umaskini, ukubwa wa eneo na mengineyo. Ndani ya fomula hiyo hamna neno bandari. Silalamikii kanuni yenyewe, maana ushuru wa forodha ni wa taifa, na mkaazi wa Kisumu anayelipia bidhaa iliyopita Mombasa ana haki ya kuuliza kwa nini fedha zake zijenge Mombasa tu. Lakini tangu zamani kulikuwa na maridhiano yasiyoandikwa popote: ushuru uende Nairobi, kazi ibaki Pwani. Mombasa ililipwa kwa vibarua: wapakuaji, madereva na mautingo, mawakala wa forodha na makarani wao, mafundi wa pancha, walinzi wa yadi, wenye vibanda vya chakula. Hayo ndiyo yaliyokuwa mgao wake wa bandari, na kwa kuwa hayakuwa sheria, yangeweza kuondolewa kwa barua moja.

Na barua ilikuja. Mwaka 2014 Kenya ilikopa zaidi ya dola bilioni 3 kutoka benki ya Exim ya China ili kujenga reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi, na mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa imeanzisha Tozo ya Maendeleo ya Reli, asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini, ili kuigharamia. Treni ya abiria ilizinduliwa mwisho wa Mei 2017 na ya mizigo ikaanza mapema mwaka uliofuata. Deni la namna hiyo halingoji reli izoee njia. Halmashauri ya Bandari ilikuwa imetia saini makubaliano ya kuihakikishia reli kiwango fulani cha mizigo, usafirishwe usisafirishwe ulipiwe, na kwa kuwa wafanyabiashara walikuwa bado wanapenda lori linalowafikisha mlangoni, njia iliyobaki ikawa amri. Agosti 2019 ilitoka notisi kwamba mizigo yote ya Nairobi na bara ipakiwe kwenye treni na ushuru wake ukamilishwe kwenye bandari kavu ya Embakasi, yaani kituo cha bara cha kupokelea makontena. Katikati ya mwaka 2020, watu wakiwa wamejifungia kwa ajili ya korona, likafuata agizo jingine la kupeleka mizigo ya nchi jirani Naivasha.

Hesabu ya kilichofuata haihitaji mtaalamu. Treni moja ya mizigo hubeba zaidi ya makontena mia ya futi 20. Lori moja hubeba mawili ya namna hiyo. Kila treni inapoondoka Mombasa, basi, malori hamsini hayakuondoka, na ndani yake kuna madereva hamsini na mautingo hamsini ambao hawakulala Voi, hawakula Mtito Andei, hawakubadilisha tairi Makindu wala kununua muhogo wa kukaanga Maungu. Kupoteza safari ni sehemu ndogo tu ya jambo lenyewe. Ushuru unapokamilishwa Embakasi badala ya Mombasa, karani wa wakala wa forodha anahama, au anaachishwa. Ghala la kupakulia mzigo linajengwa Athi River. Yadi za Changamwe, Shimanzi na Mikindani, zilizoruhusiwa miaka ya 2000 hasa kwa sababu bandari ilikuwa imefurika, zinabaki na mlinzi, mbwa na nyasi.

Mtito Andei nilikaa nusu siku kwenye banda la fundi wa pancha, mtu wa makamo aliyewahi kuwa na vijana wanne chini yake. Alinionyesha daftari la shule, lile la kurasa 96, ambamo huandika kila tairi aliloziba na nambari ya lori. Kurasa za mwaka 2017 zimejaa mpaka pembeni. Ukurasa mmoja ulikuwa wa siku mbili. Ukifungua mbele, mwaka 2020 na 2021, ukurasa mmoja unabeba karibu mwezi, na mwandiko umekuwa mkubwa zaidi, kana kwamba anajaribu kuujaza. Vijana wake wanne nikauliza wako wapi. Mmoja ana bodaboda ya mkopo, wawili walirudi kwao Kibwezi, wa nne alikwenda Qatar kulinda jengo. Hakuna takwimu ya serikali itakayowaandika hao wanne kama watu waliopoteza kazi kwa ajili ya reli, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa na barua ya ajira ya kuipoteza.

Wanaoitetea reli wana hoja nzito, na ni uvivu kujifanya hazipo. Barabara ya Mombasa imeua watu wengi mno. Malori yaliichakaza kila mwaka na matengenezo yake yalilipwa na hao hao walipa kodi. Treni huchoma mafuta kidogo kwa kila tani. Na hakuna nchi iliyoendelea kwa kuwalinda watu wa pancha. Ningeongeza hata moja ambayo watetezi husahau kuitaja, nayo ni kwamba kazi ya utingo si kazi ya kumtakia mwanao: kulala chini ya trela, kuvuta moshi, kulipwa kwa safari na si kwa mwezi. Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni kuruka kutoka hapo hadi kwenye hitimisho kwamba gharama ya mabadiliko ilipaswa kubebwa na utingo mwenyewe. Hazina ilipokadiria faida ya reli, ilijumlisha muda utakaookolewa, barabara itakayopona na biashara itakayoongezeka. Upande wa pili wa daftari, palipostahili kuandikwa Mariakani, Samburu, Taru, Maungu, Mtito, haukujazwa, na kwa kuwa haukujazwa hapakuwa na shilingi iliyotengewa kumfundisha mtu kazi nyingine.

Hapa ndipo kodi inapoonyesha sura yake ya ajabu zaidi. Tozo ya reli hulipwa na kila bidhaa iingiayo kutoka nje ya Afrika Mashariki, iwe imepanda treni au lori, iwe inakwenda Nairobi au inaishia soko la Kongowea, Mombasa. Mchele wa Pakistani unaouzwa Likoni haujawahi kuiona reli hiyo, lakini umeilipia, na pia mitumba ya Kongowea, na pia tairi jipya la bodaboda ya yule kijana aliyetoka kwenye banda la pancha. Mwaka 2019, mwaka ule ule wa notisi, tozo ilipandishwa hadi asilimia 2. Sheria ya Fedha ya 2023 ikairudisha 1.5, mwisho wa mwaka 2024 ikapandishwa tena hadi 2. Kijana aliyenyang'anywa kibarua na treni amekuwa mmoja wa wafadhili wake, na hata hana tikiti ya kuonyesha.

Pwani haikukaa kimya. Kuanzia Septemba 2019 Mombasa iliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu, na Oktoba waziri wa uchukuzi wa wakati huo, James Macharia, akatangaza kulisimamisha agizo, ingawa mizigo iliendelea kupanda treni kwa njia nyingine. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba maagizo hayo yalikiuka Katiba kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa, ikaipa serikali muda wa kujirekebisha. Septemba 13, 2022, akiapishwa Kasarani, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zingerudi Mombasa na maelfu ya ajira pamoja nazo. Alipigiwa makofi, na kwa haki: lilikuwa jibu la kisiasa kwa swali lililoulizwa miaka mitatu.

Sehemu ya kazi ilirudi. Ila kurudi kwa amri ni kurudi kusiko na mizizi, maana deni bado lipo, reli bado inahitaji mzigo wa kulilipia, na hakuna sheria iliyotungwa ya kusema kazi gani ya bandari inafanyika wapi na nani afidiwe ikihamishwa. Kilichotolewa kwa tangazo la alasiri moja kinaweza kuondolewa kwa tangazo la alasiri nyingine, na mwenye yadi anajua hivyo, ndiyo sababu haajiri mtu wa kudumu. Huajiri kidole cha nyapara. Wakati huo huo bandari yenyewe imenawiri. Mwaka 2018 ilipitisha shehena ya karibu tani milioni 31, na mwaka 2024 ikavuka milioni 40, na makontena yakapita milioni 2 kwa mara ya kwanza. Mtu anayetazama takwimu hizo kutoka mbali angetarajia lango la Miritini liwe na foleni ya waajiri. Lakini sehemu kubwa ya ongezeko ni mzigo wa kupita, wa Uganda kwanza kisha majirani wengine, ambao hushushwa kwa mashine, huwekwa juu ya behewa au trela na kuondoka ukiwa umefungwa. Mzigo huzaa kazi pale unapofunguliwa: unapohesabiwa, unapopangwa upya, unaposindikwa, unapotiwa kwenye magunia madogo. Mombasa imebaki na kazi ya kuusukuma mbele, na ya kuufungua imekwenda penginepo.

Tukirudi kwa wale waliotoka barabarani, sera ya kodi iliwafuata huko walikokimbilia. Aliyenunua bodaboda alikutana na kodi ya ongezeko la thamani kwenye petroli iliyopanda kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na mwaka mmoja baadaye tozo ya barabara ikatoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Aliyefungua duka akakuta kodi ya mauzo ghafi, ambayo mwaka 2020 ilikuwa asilimia 1, imefanywa 3. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipokuja na kodi ya mkate ndani yake, vijana waliingia barabarani mpaka wakafika ndani ya Bunge Juni 25, na siku iliyofuata Rais akakataa kuutia saini. Mengi yameandikwa kuhusu siku hizo kana kwamba zilikuwa za mitandao na za Nairobi. Walioandamana Mombasa walikuwa na hesabu yao nyingine, ya miaka sita nyuma.

Na misaada ya serikali kwa ajira za vijana, je, inawafikia? Tazama jinsi ilivyoundwa. Sheria ya kodi ya mapato humpunguzia kodi mwajiri anayewachukua wahitimu wasiopungua kumi kwa mafunzo ya kazi ya miezi sita hadi kumi na miwili, na kumruhusu kukata nusu ya ziada ya mishahara yao. Wazo ni zuri, ila mwenye gereji wa Mariakani anayeweza kuchukua vijana wawili hana nafasi humo; aliye na nafasi ni benki yenye makao makuu Upper Hill, Nairobi, ambayo pengine ingewaajiri hao kumi hata bila punguzo. Makampuni ya maeneo maalumu ya kiuchumi, kama linalojengwa Dongo Kundu, hulipa kodi ya shirika ya asilimia 10 kwa miaka kumi ya mwanzo na 15 kwa kumi inayofuata. Punguzo hilo ni fedha ya umma sawasawa na fedha inayotoka kwenye bajeti, lakini hutolewa kwa kampuni kuwapo tu eneo hilo, na halipandi wala kushuka kwa idadi ya vijana wa Likoni au Mtongwe walioajiriwa au kufunzwa. Mfuko wa Hasla nao, ulioanza Novemba 2022, ulimpa mwanzoni mkopaji kuanzia shilingi 500. Nimeuliza mama wa mahamri. Alikopa, akanunua unga, akalipa, akakopa tena, anausifu. Lakini wateja wake wanaodaiwa hawana kibarua, na hilo mfuko haulitibu.

Kuna mfano wa karibu unaoonyesha kwamba jambo hili linaweza kuandikwa kwenye sheria, nao uko Kwale, saa moja na kitu kutoka feri ya Likoni. Sheria ya Madini ya 2016 iligawa mrabaha, yaani fungu analolipa mchimbaji kwa madini aliyotoa, kwa uwazi: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii inayoishi palipochimbwa. Utekelezaji ulisuasua, na watu wa huko walingoja fedha zao miaka mingi kuliko ilivyostahili. Kampuni ya Base Titanium iliacha kuchimba mwishoni mwa 2024 huku maswali ya nini kinafuata yakiwa bado mezani. Hata hivyo mkaazi wa huko ana kifungu cha kushika mkononi anapokwenda kudai. Mkaazi wa Changamwe hana kifungu; ana kumbukumbu ya hotuba.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji kodi mpya. Tozo ya reli ipo, ina sheria yake, na hukusanywa papo hapo forodhani ambako ni vigumu kuikwepa. Sehemu yake iliyotajwa kisheria, tuseme moja ya kumi, iende kwa kaunti zilizo kwenye njia ambayo reli imechukua mzigo wake, yaani Mombasa, Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Makueni na kadhalika, na ifungwe kwenye mambo mawili tu: mafunzo ya ufundi yanayolingana na kazi iliyobaki bandarini na kwenye reli yenyewe, na ruzuku ya mshahara kwa mwajiri mdogo anayechukua kijana mmoja au wawili. Wapo watakaosema kwamba Hazina haina nafasi, kwa kuwa tozo hiyo tayari imewekewa deni. Ni kweli imewekewa. Ni kweli pia kwamba ilipopandishwa kutoka 1.5 hadi 2 mwishoni mwa 2024, nyongeza ile ya nusu asilimia ilikuwa fedha mpya, na Bunge lingeweza kuandika sentensi moja kuihusu. Halikuandika. Wabunge wa Pwani walikuwapo ukumbini.

Jambo hili sasa si la Pwani tu. Serikali imetangaza mpango wa kuirefusha reli kutoka Naivasha hadi Kisumu na Malaba, na kuitumia tozo hiyo hiyo kama dhamana ya kukopea fedha za ujenzi. Jirani zetu Tanzania wanapitia yao: bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, imejengwa ili kupunguza msongamano wa Dar es Salaam, na vijana wa Kurasini wanaoishi kwa malori wana kila sababu ya kuuliza maswali yaliyoulizwa Changamwe. Kwetu, njia iliyopangwa ya reli mpya inapita Narok, Bomet na Nyamira kuelekea Kisumu. Malori ya Malaba leo hupita Salgaa, mji uliojengwa na madereva wanaolala, na ambao reli hiyo haitaugusa hata kwa filimbi. Wenye vibanda vya Salgaa wameanza kuilipia zamani, kwa kila bati na kila tairi kutoka ng'ambo wanalonunua. Siku malori yatakapopungua watakuwa wameilipia kwa miaka mingi, na sijaona bado ofisi iliyoandika majina ya miji yao upande wa pili wa daftari.